Mtoto akiwa gredi ya pili: mambo ambayo mzazi wa Lamu ayajue mapema

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi ambao mtoto yuko gredi ya pili saa hizi ama ataingia Januari, haya nayaandika kwa sababu huu mwaka watu huupitisha hivihivi tu. Gredi ya kwanza kila mtu yuko macho, yunifomu mpya, picha mlangoni, baba kaomba ruhusa kazini ampeleke mtoto mwenyewe. Gredi ya tatu kuna tathmini ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, kwa hivo watu huamka tena. Lakini ya pili haina sherehe wala mtihani wa kutisha, ripoti zaja na maneno mazuri, mtoto kila asubuhi aenda na kila jioni arudi, mzazi aona mambo yako sawa. Na huu ndo mwaka wenyewe. Mtoto akimaliza gredi ya pili hajui kusoma kwa kuelewa, huko mbele kila somo litamlemea, na wala si akili imempungukia, ni kwamba swali lenyewe hawezi kulisoma.

Kwa hivo nitasema ya hisabati na ya afya na ya mwalimu, lakini mtaona narudi kwenye kusoma kila mara, msichoke.

Kwanza mjue gredi ya pili iko wapi. Huu mfumo wa 2-6-3-3-3 ulianza shule zote 2019, miaka miwili ya chekechea, sita ya praimari, na ndani ya hiyo sita, gredi ya 1 hadi 3 zahesabiwa kama kundi moja la wadogo. Tangu masomo yapunguzwe 2024 hawa wadogo wana masomo saba: Kiswahili, Kiingereza, hisabati, lugha ya asili, mazingira, dini na sanaa, mambo ya usafi na lishe yaliingizwa ndani ya mazingira, na michezo, muziki na kuchora vikawekwa pamoja. Kipindi kimoja ni nusu saa. Nusu saa darasa la watoto wengi, mwalimu mmoja, hesabu mwenyewe mtoto wako apata dakika ngapi za kusomeshwa yeye kama yeye. Ndo maana nasema nyumbani kuna kazi, hata shule iwe nzuri vipi.

La pili kubwa ni lugha ya kufundishia. Sera yasema gredi ya 1 mpaka ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya pale anapoishi, huku kwetu ni Kiswahili, kisha kutoka gredi ya 4 masomo yafundishwa kwa Kizungu isipokua Kiswahili chenyewe. Shule nyingi hazingoji hata hiyo ya 4, Kizungu chaanza mapema. Lakini angalia hiyo ramani vizuri: mtoto ana miaka mitatu tu ya kujifunza kusoma, baada ya hapo atakua asoma ndo ajifunze. Gredi ya pili iko katikati kabisa. Ukigundua tatizo mwaka huu kuna muda wa kulitengeza bila presha, ukigundua gredi ya 4 mtoto apigana na vita viwili pamoja, kusoma na Kizungu.

Sasa utajuaje kama mtoto anasoma? Usingoje ripoti. Chukua hii hadithi fupi hapa chini, iandike kwa mkono kwenye karatasi kwa herufi kubwakubwa kiasi, mkae mahali pametulia, weka saa ya simu ihesabu dakika moja, mwambie asome kwa sauti.

"Leo ni Jumamosi. Asha na Omari wameenda pwani na babu. Babu ana mashua kubwa nyeupe. Wanangoja maji yajae. Punda mmoja amebeba mchanga. Anapita polepole. Omari anampa punda maji. Punda anakunywa yote. Babu anacheka. Kisha wote wanapanda mashua na kwenda Shela kumuona shangazi. Shangazi amepika pilau."

Hayo ni maneno 45. Nimeyahesabu makusudi, kwa sababu mradi wa Tusome, ule ulioenea shule za serikali nchi nzima tangu 2015, ulikua unapima watoto wa darasa la pili kwa kipimo hicho, maneno 45 sahihi kwa dakika kwa Kiswahili ndo msomaji aliyeiva, na 17 ndo mtu ameanza kusoma lakini bado avuta. Kwa Kizungu kipimo kilikua 65 na 30. Msishtuke kuona cha Kiswahili ni kidogo, maneno yetu ni marefu, hilo "wanapanda" peke yake lina silabi nne. Basi akimaliza hadithi yote ndani ya dakika hongera, akifika kwa punda yuko njiani, na akiwa bado akokota "Ju-ma-mo-si" mpaka dakika yaisha hapo muna kazi ya kufanya na muanze leo.

Kisha muulize. Walikua wangojea nini? Punda kabeba nini? Kwa nini babu kacheka? Hili la mwisho ndo la maana kuliko yote kwa sababu jibu halikuandikwa, yatakiwa afikiri mwenyewe. Mtoto anayesoma mbio kama redio halafu hajui punda kabeba nini, huyo bado hajasoma, katamka tu.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo la watoto wetu wa huku hasa. Watoto wetu wanakwenda chuoni kusoma Kurani tangu wadogo, masikio yao na kumbukumbu zao ni kali mashaallah, mtoto wa miaka saba ana sura ngapi kichwani. Hicho ni kipaji na msikidharau. Lakini kipaji hichohicho chaweza kumficha mtoto asiyejua kusoma. Mwalimu asoma ukurasa darasani mara mbili tatu, mtoto aushika wote kwa sikio, akija nyumbani aufungua aangalia picha aumwaga wote bila kukosea, na mama afurahi. Kumbe macho yake hayako hata kwenye mstari. Mjaribu hivi: ziba picha kwa mkono. Mwambie aanze mstari wa mwisho aende wa juu. Mwekee kidole kwenye neno moja la katikati umuulize hili ni lipi. Au liandike lile neno kwenye karatasi nyingine kabisa. Anayesoma hatababaika, aliyehifadhi atakuangalia usoni wewe badala ya kuangalia karatasi. Ukikuta hivo usimkaripie na usimwite muongo, hajadanganya mtu, katumia njia aliyo nayo. Sasa mpe njia ya pili.

Njia yenyewe si ngumu na haitaki pesa. Dakika kumi kila siku, siku zote pamoja na Jumamosi, ni bora kuliko saa mbili za Jumapili na kelele. Mama ambaye hakusoma sana, msidhani hili haliwahusu. Kazi ya msikilizaji si kufundisha, ni kukaa, kusikiza, kusema "hapo rudia". Bibi akiwa amsikiliza huku achambua mchele yatosha kabisa.

Vitu vya kusoma viko tele, tatizo ni kwamba twaviona kila siku mpaka hatuvioni tena. Angalia kanga zilizo nyumbani, kila moja ina jina lake kwa herufi kubwa zimekaa wazi, sentensi moja fupi, Kiswahili safi, na yenye maana ya kufikiri. Mwambie mtoto kila siku akusomee kanga moja na akwambie yamaanisha nini. Mukipita ukutani pwani asome majina ya mashua na maboti, mbele ya maduka asome vibao, pakiti ya unga, ya chumvi, ya sabuni. Vitabu vya serikali vya shule navyo, ulizeni kama aruhusiwa kuja navyo nyumbani, maana kuna shule zavifungia kabatini visiraruke, kitabu kipya kabatini hakimfunzi mtu, mzazi aweza kuahidi atakilinda na kukifunika jalada. Vilevile KICD, wale watungaji wa mitaala ya shule, wana mtandao wao wa Kenya Education Cloud wenye vitu vya bure, aliye na bando aangalie.

Na mtoto asome kitu rahisi mara nyingi. Wazazi twapenda kumpa kigumu tukidhani ndo atakua hodari. Ukiona kwenye kila mstari akwama zaidi ya mara moja mbili, hicho kitabu bado si chake, mrudishe cha gredi ya kwanza hata kama ndugu zake wamcheka, na wakataze kumcheka.

Sauti zinazowasumbua wengi mwaka huu ni zile za herufi mbili tatu pamoja, ng' na ng, ny, mb, nd, dh na th, gh, kw, mw. Chukua moja kwa wiki. Wiki ya ng', mwambie atafute maneno, ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, muandike, muyabandike jikoni. Kugeuza b na d miaka saba si ajabu, wengi hufanya, na wetu huku macho yao kila siku yatoka kulia kwenda kushoto chuoni halafu kushoto kwenda kulia shuleni, yatengenea taratibu. Wewe muonyeshe tu kwa kidole mahali pa kuanzia mstari. Ila ikiwa gredi ya pili yaisha na bado ageuza kila mara, tena asoma kwa shida sana hata maneno mafupi aliyoyaona mara mia, hapo nenda ukaulize kituo cha EARC, vile vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, mwalimu mkuu atakuelekeza kilicho karibu. Kumpima mtoto si kumpa jina baya.

Kuna na hili la Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Mtoto nyumbani asikia mayi, mato, ndoo hapa, ndaa yaniuma, afika shule aandika vile asikiavyo, na mwalimu pengine katoka bara hajui Kiamu, ampiga mkasi mwekundu daftari zima. Mtoto ajiona mjinga wa Kiswahili, mtoto wa Lamu! Hili huniuma sana. Msiache kusema Kiamu na watoto kwa sababu ya alama, lugha ya asili ni somo zima kwenye ratiba, na Kiamu kina utenzi na mashairi ya kumfunza mtoto mpaka akue. Mwambie tu wazi: nyumbani twasema mayi, daftarini twaandika maji, zote ni sawa kila moja mahali pake. Watoto hawapati shida na hilo, wao wajua kubadilisha kuliko sisi. Na mwalimu naye mzungumzishe kwa heshima, mwambie: mwalimu, mtoto hakukosa neno, hilo ni neno la kwetu, naomba umuonyeshe la sanifu badala ya kumpigia mkasi. Walimu wengi wakielezwa hufurahi, kwao nao ni elimu.

Kizungu je? Mzazi ambaye Kizungu chake si kizuri usimlazimishe mtoto kuongea Kizungu nyumbani, mutafundishana makosa na mazungumzo yenu yatakufa. Mtoto akishajua kusoma Kiswahili vizuri, ile kazi ya kuunganisha herufi na sauti keshaijua, aihamisha. Shida ya Kizungu ni kwamba maandishi hayafuati sauti kama yetu, neno laandikwa hivi lasomwa vile, kwa hivo maneno mengi ya kila siku yabidi ayatambue kwa macho. Mwombe mwalimu orodha ya yale ya wiki, yabandike ukutani, ndugu mkubwa amuulize njiani wakienda shule, yatosha.

Hisabati

Gredi ya pili mtoto atakiwa aijue mia kama mtaa wake. Kuhesabu mpaka 100 kwenda na kurudi, kwa mbili mbili, tano tano, kumi kumi. Kujua kwamba 47 ni makumi manne na saba, si nne na saba. Kujumlisha namba mbilimbili, kutoa, kuanza kuzidisha, kuanza kugawa, nusu na robo, mita, kilo, lita, saa, na pesa hadi shilingi mia.

Hilo la makumi ndo kiini, wengi wanaokwama gredi ya 3 wamekwamia hapo. Chukua njiti za kiberiti au mbegu za ukwaju, zifunge kumi kumi kwa uzi, mwambie nipe 34, akupe mafungu matatu na nne pweke. Kisha mwambie ongeza 8. Pweke zikawa kumi na mbili, basi kumi zifungwe ziwe fungu jipya, hapo keshaelewa "kubeba moja" ni nini, wakati mwenzake aandika tu kamoja juu bila kujua kanatoka wapi. Msiruke hii hatua mkaenda kwenye kukariri tebo.

Kuzidisha nako kwa umri huu ni kujumlisha kwa kurudia. Tende nne kwa kila sahani, sahani tano, ni tende ngapi. Mafungu ya samaki sokoni yamepangwa tayari, kila fungu samaki watatu, mafungu manne, mwambie ahesabu kabla hujalipa. Kugawa ni hivohivo, viazi karai kumi na mbili na nyinyi ndugu watatu, kila mmoja apata vingapi bila kugombana. Na mtume dukani. Mpe noti ya mia, mwambie nunua cha sitini, niletee ngapi? Aseme kabla ya kutoka mlangoni. Kama mtaa wenu ni salama na duka liko kichochoro hichohicho basi hio ni hisabati bora kuliko kurasa kumi.

Saa ni mtihani kwa watoto wote wa Kiswahili. Mtoto ajua saa nne asubuhi ni wakati wa mapumziko, aangalia ukutani mshale mdogo uko kwenye 10, kitabu cha hisabati chasema 10. Mfundishe njia moja rahisi: namba ya ng'ambo. Mshale ukiwa 10, ng'ambo yake ni 4, hio ndo saa ya nyumbani. Ukiwa 7 ng'ambo ni 1. Ukiwa 12 ng'ambo ni 6. Akishaiona haisahau, na atafurahi kuona zote mbili ni kweli. Tafuteni saa ya mishale lakini, simu haimuonyeshi hilo.

Muda, chuo na kulala

Miaka saba kwetu ni umri wenye uzito. Ndo umri tunaoamrishwa tuwaamrishe watoto swala, kwa hivo mwaka huohuo shule yaongeza, chuo chaongeza, nyumbani naye ameanza kutumwa na kuangalia mdogo wake. Ni haki, lakini mtu mmoja akae aitazame siku ya mtoto yote kwa pamoja, manake mwalimu wa shule haoni ya chuo, na ustadhi haoni ya shule. Andikeni kwenye karatasi: kuamka alfajiri, shule, kurudi na kula, chuo, kucheza, kusoma zile dakika kumi, kulala. Kucheza kuandikwe pia. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji kulala saa 9 mpaka 12 kwa usiku mmoja, sasa anayeamka saa kumi na moja alfajiri yafaa saa mbili usiku awe kitandani, na huku kwetu saa mbili usiku ndo kwanza vichochoro vimechangamka. Ni ngumu najua, lakini mtoto anayesinzia darasani huonekana mzito kichwani kumbe ni usingizi tu.

Ramadhani miaka hii yaangukia muhula wa kwanza. Wengi wa umri huu wataka kujaribu kufunga, nusu siku, siku moja moja, na ni furaha yao, hawajalazimika bado mpaka wabaleghe. Akiwa afunga mwambieni mwalimu asubuhi asimkimbize sana kwenye michezo, na daku ikimuamsha basi alale baada ya chuo. Zile dakika kumi muzihamishe kabla ya futari au asubuhi, msiziache mwezi mzima. Maulidi nayo ni hivohivo, na wale wanaovuka maji kwa boti kwenda shule, pepo za kusi zikichafuka kuna siku mtoto hatokwenda. Hakuna lawama. Tafuteni siku hiyohiyo mwenzake atume picha ya daftari kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kwa sababu hisabati ya Jumatano yasimama juu ya ya Jumanne.

Mwili

Macho. Mtoto akinakili vibaya ubaoni lakini kitabuni asoma sawa, au asogeza daftari mpaka pua, au aumwa kichwa kila jioni, mpelekeni apimwe macho, hapa mjini kuna hospitali ya King Fahd. Masikio. Watoto wetu waishi baharini, sikio latoa maji au usaha watu wasema litakauka, na mtoto miezi asikia nusu ya anachosema mwalimu. Msitie mafuta wala kitu chochote, nendeni hospitali. Ukimuita kwa nyuma kwa sauti ya kawaida hageuki, hicho ni kipimo.

Meno ya mbele yang'oka na kuota makubwa, hilo lajulikana. Lisilojulikana ni kwamba nyuma kabisa kwenye umri wa miaka sita saba yaota magego ambayo hayakutanguliwa na jino la utoto, kimyakimya, na wazazi wayahesabu kama ya utoto, likioza wasema litang'oka laja jingine. Haliji jingine. Yale mabuyu ya rangi na achari ya sukari getini kila siku ndo yanayoyala, na mswaki wa usiku ni muhimu kuliko wa asubuhi. Dawa za minyoo wakija kugawa shuleni mruhusuni mtoto ameze, minyoo yamaliza damu na mtoto achoka tu bila sababu. Na asubuhi ale kitu, hata hamri moja na mbaazi za jana, kuliko chai kavu.

Mwalimu, ripoti na sheria

Ripoti huja na herufi. EE ni kuzidi matarajio, ME kufikia, AE kukaribia, BE chini ya matarajio. Mzazi akiona AE asoma kama yuko karibu basi sawa. Hapana, uliza. Uliza kwa jina la kitu: mwalimu, katika kusoma mtoto ameshindwa wapi hasa, silabi, mwendo, au kuelewa? Katika hisabati ni makumi au kutoa? Swali la "mtoto aendeleaje" litapata jibu la "aendelea vizuri", kila mahali duniani. Nenda mwanzo wa muhula, wiki ya pili tatu hivi, si mwisho wakati mwalimu ana ripoti za darasa zima mezani. Baba pia aende, nasema hili kwa mkazo. Mtoto akimuona baba kasimama na mwalimu wazungumza habari zake, hio yamkaa moyoni kuliko viatu vya Idi.

Zile kazi za kuleta vitu shuleni, sijui mfano wa nyumba, sijui mapambo, msikimbilie saiba kuprinti picha wala kuifanya wewe mpaka usiku mtoto kalala. Hapa tuna makuti, tuna udongo, vifuu, makombe ya pwani yaliyokwisha kutupwa na maji. Bibi amfunze kusuka ukili, hio ni sanaa na ni hisabati ya mpangilio kwa pamoja, na mtoto akiulizwa kaifanyaje ataeleza mwenyewe. Kazi mbovu iliyofanywa na mtoto ina faida kuliko nzuri iliyofanywa na ami.

Kuna mambo ya sheria mzazi ayashike. Elimu ya msingi shule za serikali haina karo tangu 2003. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza mtoto kupigwa shuleni na yakataza kumtesa kwa maneno pia, kwa hivo mtoto akianza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi na wikendi mzima wa afya, kaa naye polepole umuulize nani wamuogopa, mwalimu, mtoto mwenzake, au choo, wengine ni choo tu. Sheria hiyohiyo hairuhusu shule kumrudishisha mtoto darasa, wala tuisheni ya likizo. Kuna wazazi wenyewe huomba arudie gredi ya pili kwa sababu hajui kusoma. Nawaelewa, lakini mtoto akirudia akafundishwa vilevile atatoka vilevile, na wenzake wamemuacha. Dawa ni zile dakika kumi na mwalimu anayejua amekwama wapi.

Na cheti cha kuzaliwa. Kama hamna, kishughulikieni mwaka huu. Gredi ya tatu ndo mtoto asajiliwa KNEC na kupewa namba ya tathmini itakayomfuata mpaka gredi ya 9, na jina likiwa shuleni ni Muhammad, kwenye cheti ni Mohamed, na kwenye kadi ya kliniki ni Mohd, mtazunguka maofisini huko mbele. Chagueni namna moja ya kuliandika jina, muhakikishe shule imeliandika kama lilivyo kwenye cheti.

Likizo ya Novemba na Disemba ni ndefu, na ndo hapo watoto huteremka. Aende shamba, aende Pate kwa nyanya yake, aogelee, acheze, lakini kitabu kimoja kiwe kwenye mfuko wake na mtu mmoja huko awe ameambiwa kwamba kila siku amsikilize. Wiki ya mwisho kabla shule kufunguliwa mpimeni tena kwa dakika moja, kwa hadithi nyingine mpya mtakayoitunga wenyewe, sio hii ya punda, hii atakua keshaihifadhi. Andikeni namba mliyoipata na maneno yaliyomkwaza, mumpelekee mwalimu wa gredi ya tatu siku ya kwanza.